Kijiko Ndani ya Sanduku la Wembe

Jumapili, tarehe 4

Babu ametoa tangazo leo baada ya chakula. Miguu yake haitaki tena kusimama kutwa nzima, na kile kiti cha pili pale saluni kimekaa mwaka mzima bila kinyozi. Anataka mwanafunzi. Mmoja tu.

Redio alisema “Mimi!” kabla Babu hajamaliza sentensi. Redio ni binti wa mama mkubwa. Tumemaliza shule siku moja, sote tunasubiri matokeo. Jina hilo alimpa Babu mwenyewe, kwa sababu hazimiki; naye huniita Picha ya Ukutani, kwa sababu sisemi. Mimi nilikohoa. Nilitaka kusema kwamba kunyoa ndiyo kazi pekee niliyowahi kuitamani. Kwamba tangu darasa la pili nafagia nywele pale ili tu niitazame mikono yake. Kilichotoka ni kikohozi. Bahati nzuri Babu ana masikio ya ajabu. Akasema sawa, amesikia, waombaji ni wawili.

Mtihani ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Tutamnyoa Babu mwenyewe, na si kwa zile nyembe za kubadilisha anazotumia kwa wateja. Tutatumia wembe wake wa zamani, wa kukunja, wenye mpini wa pembe. Alipewa na kinyozi aliyemfundisha, na huyo naye alipewa na wa kwake. Ni wa ndevu za Babu peke yake, kila Jumamosi. Siku nyingine zote hulala kwenye kisanduku cha mbao juu ya kabati. Redio shavu la kulia, mimi la kushoto.

Tulipokuwa tunaosha vyombo Redio aliniambia nisiwe na wasiwasi, hata nikishindwa, lazima awepo mtu wa kufagia.

Nina mpango.

Jumatatu, tarehe 5

Mpango wa Kwanza: mazoezi ya siri. Babu husimulia kwamba vinyozi wa zamani walijifunzia kwenye puto. Unalipuliza, unalipaka povu, unalinyoa. Likipasuka, umemkata mteja.

Saa nane mchana Babu hulala. Mama alikuwa sokoni. Nilikishusha kisanduku. Puto la bluu nililifunga kwenye mgongo wa kiti cha kulia chakula, nikalichora macho kwa kalamu ili nizoee kutazamwa.

Mpapaso wa kwanza wa wembe: safi! Wa pili: safi! Nikajiona mtu kati ya watu. Nikaliuliza puto kama povu lina joto la kutosha, kama Babu anavyowauliza wateja. Mpapaso wa tatu. Paa!

Mkono ukaruka, wembe ukaruka pamoja nao. Sakafu yetu ni ya saruji. Wembe ulitoa sauti moja tu: ting. Nitaisikia ile ting mpaka nizeeke.

Pengo kwenye makali, karibu na ncha, dogo kama punje ya sukari. Mpini umepata ufa, kuanzia kwenye pini inayoushika wembe hadi katikati ya pembe.

Babu aliuliza kutoka chumbani kimelia nini. Nikasema puto. Ni kweli. Akauliza na baada ya puto? Nikasema hakuna kitu. Si kweli.

Naujua wembe huu kwa sababu namjua Babu. Hunyoa akiwa amefumba macho, kwa kuusikiliza. Wembe mzima hukata. Wenye pengo hurarua ngozi. Jumamosi ama nitamchana babu yangu uso mbele ya ukoo, ama ataliona pengo kabla, na kile kiti nitakiona nikiwa na ufagio mkononi maisha yangu yote.

Zimebaki siku tano.

Jumanne, tarehe 6

Mpango wa Pili: fundi wa kunoa visu. Yule anayekaa juu ya baiskeli isiyokwenda popote, anapiga pedali, na jiwe la duara linazunguka mbele yake.

Foleni ya mapanga na visu vya jikoni. Zamu yangu ilipofika aliuchukua wembe kutoka mkononi mwangu bila kuuliza, akasema kazi ya dakika mbili, mdogo wangu, rudi nyuma cheche zisikurukie. Nilitaka kumwambia kwamba Babu alishanieleza zamani: wembe ukishika moto kwenye jiwe la kuzunguka hugeuka rangi ya bluu, na chuma kikishageuka bluu kimekufa, hakitashika makali tena. Nilifungua mdomo. Hewa tu. Jiwe likaanza kuvuma. Wembe ukashuka. Ukabaki upana wa kidole kuligusa. Nusu kidole.

Nikapiga kelele. Sijui nilisema nini. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu aliangusha panga. Fundi alitoa miguu kwenye pedali, akaniuliza nimeumwa na nini. Nikaunyakua wembe na kukimbia. Nilikimbia mitaa miwili, ingawa hakuna aliyenifukuza.

Nilisimama kwenye kizingiti cha fundi saa. Ni mzee wa rika la Babu, anakaa nyuma ya kimeza chenye kioo, lenzi nyeusi imebanwa jichoni. Nilimchagua kwa sababu haongei. Nilimwonyesha wembe, nikasema ni wa jirani. Akauliza ni jirani gani huyo anayenyolea wembe wa mpini wa pembe. Nikasema jirani wa mbali.

Aliutazama muda mrefu sana. Saa zote ukutani zilikuwa zinanihesabia. Mwishowe akasema unatengenezeka, ila yeye hatautengeneza. Atakayeutengeneza ni jirani wa mbali, au mjumbe wake. Akanipa jiwe la kunolea, bapa kama kipande cha sabuni, upande mmoja wa kukwaruza na wa pili laini. Akanionyesha. Maji kidogo. Mgongo wa wembe usiinuke kamwe kwenye jiwe. Kumi upande huu, ugeuze, kumi upande ule. Usikandamize. Chuma kinaisha nywele kwa nywele mpaka makali yote yashuke yalifikie lile pengo. Nikauliza itachukua muda gani. Akasema inategemea jirani ana subira kiasi gani.

Jumatano, tarehe 7

Mahali pekee penye maji, mlango na kitasa katika nyumba hii ni bafuni. Nimekaa humo kuanzia asubuhi. Kumi huku, kumi kule. Bomba nimeliacha lichuruzike ili kuficha sauti ya jiwe.

Ilipofika saa tano Mama aligonga akauliza ni tumbo? Nikasema ndiyo. Lilikuwa jibu rahisi. Saa sita akanipitishia mlangoni kikombe cha maji yenye chumvi na sukari, akasimama nje mpaka nikarudisha kikombe kitupu. Saa saba kikombe cha pili. Saa nane Redio alikuja kuniona, yaani kuusikiliza mlango, akasema kwa sauti ya kufika barabarani kwamba ananionea huruma, na kwamba kinyozi anayekimbia chooni kila robo saa atamwacha mteja na nusu ya ndevu. Nikasikia mtu kwenye dirisha la jirani akiuliza nani anaharisha.

Kumi huku. Kumi kule.

Saa tisa, balaa! Babu aliniita sebuleni. Amepata mgeni, mteja wake wa siku nyingi, mzee mwenye fimbo, anataka kuuona ule wembe. Nilete kisanduku.

Wembe ulikuwa bafuni, ndani ya ndoo, chini ya taulo. Mgeni alikuwa amekaa kati yangu na bafu. Nilifikiri kwa kasi ambayo haijawahi kunitokea hata kwenye mtihani wa hesabu. Nikapitia jikoni, nikachukua kijiko, kile cha Mama chenye shingo iliyopinda. Nikakifunga kwa kitambaa cha wembe kilichobaki kisandukuni, nikakitia humo. Mpango wa Tatu: kiwe na uzito, kitikisike, halafu niseme kishikizo kimekwama.

Kabla sijasema, Babu alikipokea kisanduku, akakiinua hadi sikioni, akakitikisa taratibu. Kok, kok. Akatikisa tena. Kisha akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na puto lolote.

Halafu akamgeukia mgeni, akasema ah, hiki kishikizo nacho, mbao zimevimba kwa unyevu, hakifunguki leo. Njoo Jumamosi, ndugu yangu, utauona ukifanya kazi.

Nimeokoka! Kishikizo kweli kimekwama, bila hata mimi kusema. Ila sasa Jumamosi kuna mtazamaji.

Alhamisi, tarehe 8

Saa nne na nusu asubuhi, pengo limeisha!

Niliyatazama makali dirishani. Mstari mmoja, haujakatika popote. Nikahamia upande laini wa jiwe, halafu nikaupigisha wembe kwenye ngozi ya mkanda wangu wa shule, mbele na nyuma, mara sitini. Hatimaye ule mkanda una faida. Nikang’oa unywele mmoja kichwani, nikaugusisha. Ukakatika wenyewe. Nilicheza ngoma peke yangu bafuni, kimyakimya. Mama akagonga kuuliza kama nina kizunguzungu.

Ningeacha hapo. Lakini kulikuwa na ufa wa mpini.

Mpango wa Nne: gundi kali, ile ya viatu, iko droo ya Mama. Tone moja kwenye ufa, nikafunga wembe ndani ya mpini ili kila kitu kikae mahali pake, nikaubana kwa kibanio cha nguo, nikaenda kusaidia kupika, nikijipongeza. Nilirudi baada ya saa moja. Ufa umeshika vizuri ajabu. Umeshika kama haujawahi kuwepo.

Wembe nao umeshika. Gundi imepita kwenye ufa ikaingia kwenye pini. Haufunguki. Nilijaribu kucha. Nilijaribu mafuta ya kupikia. Maji ya uvuguvugu. Nilijaribu kuubembeleza. Umejifungia kama mtu aliyenuna.

Mama aliingia akanusa, akauliza kwa nini bafu linanuka duka la viatu, na je, kuna aliyekiona kijiko chake kilichopinda shingo? Kilikuwa cha mama mkwe wake. Nikasema tumbo linauma. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, lilikuwa linauma kweli.

Ijumaa, tarehe 9

Nilikuwa kwa fundi saa kabla hajafungua. Nikauweka wembe mezani. Aliutazama, akanitazama, akatoa lenzi jichoni, akaifuta, akairudisha. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nadhani alikuwa na kikohozi.

Dawa ni moja, kutoboa pini ya zamani na kuutenganisha wembe wote. Akanishikisha mpini. Mashine yake ya kutobolea si kubwa kuliko penseli. Niliziba pumzi muda wote, nikaona nyota. Pini ikatoka. Tukakwangua gundi kwa sindano, punje kwa punje.

Ndani ya mpini, palipokuwa na pini, aliniita nitazame kwa lenzi. Kuna alama za nyundo, duara mbili, moja juu ya nyingine. Akasema wembe huu umeshafunguliwa mara moja. Aliufungua yeye, kwenye kimeza hikihiki, alipokuwa bado anajifunza saa. Aliyeuleta alikuwa kijana, alisema ni wa jirani, na uso wake ulikuwa kama wangu leo. Sikumwelewa, na sikuwa na muda wa hadithi. Nikamwomba aharakishe.

Akaingiza pini mpya ya shaba, akaigonga kwa kinyundo chepesi, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. Wembe ukafunguka. Ukafungika. Laini! Lakini ile pini inang’aa kama jino la dhahabu. Nyumbani niliipaka masizi ya sufuria kwa kijiti cha kiberiti. Ukiwa mbali kidogo huoni. Ukiwa mbali sana.

Jioni Babu alipokwenda kuoga nilipanda juu ya kiti, nikashusha kisanduku ili nirudishe wembe na nitoe kijiko.

Kijiko hakimo.

Kitambaa kipo, kimekunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Mimi sikunji hivyo. Nimeweka wembe, nimefunga, nimeshuka. Ni nani?

Jumamosi, tarehe 10

Asubuhi Babu alikaa mezani na chai yake. Alikuwa anaikoroga. Anaikoroga kwa muda mrefu kuliko chai yoyote inavyohitaji. Kling, kling, kling. Nikatazama. Kijiko chenye shingo iliyopinda.

Alilamba kijiko, akakitia mfuko wa shati, akaenda kufungua saluni.

Saa nne. Mzee mwenye fimbo kwenye benchi. Mama. Mama mkubwa. Babu kwenye kiti, shuka jeupe shingoni, povu mashavu yote mawili. Mfuko wa shati umevimba kwa kijiko chini ya shuka. Mimi tu ndiye niliyekuwa najua.

Redio alianza. Lazima niandike ukweli, ananyoa vizuri. Mkono mwepesi, mdomo unakwenda pia, anamsimulia Babu habari za harusi fulani huku akishuka shavuni. Na wembe ukawa unaimba. Sauti nyembamba, safi, kama kitambaa kinachochanwa mbali. Sikujua kwamba nimeufanya uimbe hivyo.

Babu akainua kidole. Redio akasimama. Babu, macho yamefumbwa, akasema miaka mingi hajaisikia sauti hii. Nani ameunoa?

Redio akasema, “Mimi, Babu!”

Nilihisi kama benchi limeondolewa chini yangu. Mzee mwenye fimbo akaguna kwa kuridhika. Mama mkubwa akasema huyo ndiye mwanangu. Nami nikawaza haraka: nyamaza. Akichukua sifa, amechukua na makosa. Hakuna atakayejua. Shavu la kushoto bado lipo. Ulikuwa mpango mzuri kuliko yote ya wiki, na ulikuja wenyewe.

Babu akauliza kwa nini aliunoa. Redio akasema aliuona butu. Vizuri. Babu akafumbua jicho moja: na hii pini mpya, yenye masizi? Redio akasema aliupeleka kwa fundi, lazima kila kitu kiwe sawa. Hata hakupepesa. Vizuri sana, Babu akasema. Akaingiza mkono chini ya shuka. Akatoa kijiko. Na hiki?

Redio alizimika. Naapa. Sijawahi kuona tangu tuzaliwe.

Povu kwenye shavu la kushoto lilikuwa linakauka. Nilisikia viputo vikipasuka kimoja kimoja. Babu hakumtazama mtu. Alisubiri tu, kijiko kimesimama hewani. Nikajua hasubiri kikohozi.

“Kijiko ni changu,” nikasema.

“Kijiko ni changu!” akasema Mama. “Siku nne nakitafuta!”

Baada ya hapo sikuweza kujizuia. Nilisema yote, bila kuvuta pumzi. Puto, macho niliyolichora, ting, baiskeli, jirani wa mbali, ndoo, gundi, tumbo lisilouma. Mama aliposikia habari ya tumbo alikaa chini. Nadhani ni maneno mengi kuliko niliyosema miaka yote ya sekondari. Mzee mwenye fimbo alilia machozi ya kicheko, akamwambia Babu kwamba damu haipotei, je, anamkumbuka yule kijana mwingine na jirani yake? Babu akamwambia anyamaze.

Kisha akaniuliza swali moja. Nilipokuwa nanoa, nilikandamiza? Nikasema hapana, Babu, kumi huku na kumi kule. Akasema basi paka povu jipya, bibie, hili limeshakuwa biskuti.

Nilimnyoa. Jasho lilinitiririka mgongoni. Nilisikiliza wembe, sikumsikiliza mtu. Chini ya sikio, mpapaso wa mwisho kabisa, nilimkata. Tone moja. Babu akasema, taratibu, “Puto lingepasuka.”

Hukumu aliitoa akiwa bado na shuka shingoni. Redio amenyoa vizuri kuliko mimi, na amesema uongo vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa katika chumba hiki. Huyo atakuwa anakuja Jumamosi kuwapokea wateja na kuwachangamsha. Mimi nanyoa kama ninayekwangua mwiko. Lakini kinyozi anaweza kufundishwa mkono. Mtu wa kukaa na jiwe bafuni siku mbili kwa sababu ya pengo la punje ya sukari, huyo hafundishwi. Kiti ni changu. Kwa mwezi mmoja wa majaribio.

Sharti ni moja. Hakuna wembe utakaotoka mahali pake bila mimi kumwomba yeye kwanza. Yeye mwenyewe. Mapema.

Niliapa. Nililia kidogo. Redio akaniambia hongera, Picha ya Ukutani, kumbe unasema. Alimaanisha, nadhani.

Jumapili, tarehe 11

Nimejifunza mengi wiki hii. La kwanza na la mwisho, kuomba ruhusa. Nimeliandika kwenye jalada la shajara kwa wino mwekundu.

Kuna tatizo dogo. Kesho ninaanza kazi, na Babu ana plasta chini ya sikio. Kila nikiiona roho inaniuma. Mpapaso wa mwisho, wa kupandisha kuelekea sikioni, sijauweza. Unahitaji mazoezi. Leo, si kesho.

Nilikusudia kabisa kumwomba. Lakini ni saa nane mchana, amelala, na kumwamsha mzee usingizini ni utovu wa adabu. Nimesimama mlangoni kwake nikakohoa. Mara mbili, kwa sauti. Hakukataa.

Puto la leo ni jekundu. Macho nimelichora yaliyofumbwa, kama ya Babu. Na makosa ya wiki iliyopita sirudii hata moja: sakafuni nimetandika godoro langu lote.

Kisandukuni nimeweka uma. Kijiko anakijua sauti yake.